Marejeo ni Ngamani

Niliinunua kwa bei ya kondoo wawili,
mwaka ule walipoifunga posta yetu ya Tenaún
wakaniachia mhuri mkavu na mikono isiyo na kazi.
Ililala ubavu nyuma ya ghala la viazi,
kuku wakitaga tezini,
na kichaka cha miiba kimepenya kati ya mbao
kama mgeni aliyekaribishwa chai akahamia.

Heriberto Cárcamo alihesabu pesa mara mbili.
"Otilia," akasema, "umenunua kuni."

Kijiji kikanitafutia sababu:
anamtengenezea marehemu mumewe.
Marehemu aliogopa maji!
Kivuko alikipanda amefumba macho.
Mimi nilipita tu na gunia langu,
nikaona omo lilivyopinda kwenda juu,
usiku ule sikulala.

Mwaka wa kwanza nilikwangua.
Buluu, chini yake nyekundu, chini yake nyeupe,
na majina yamelaliana:
Rosalba, chini yake Golondrina,
chini kabisa A na N,
herufi nyingine zimeliwa na mdudu.
Sikujua randa wala tezo.
Nilijua kupanga barua,
basi nikapanga mbao vivyo hivyo:
nzima, mgonjwa, maiti.
Maiti zilijaza banda.

Mataruma yalinila miaka miwili.
Unauchemsha ubao kama kiazi
ndani ya sanduku refu la bati,
unautoa, una pumzi tatu za kuukunja
kabla haujakumbuka kwamba ulikuwa mti.
La kwanza likavunjika. La pili. La tisa.
La kumi likatii, nikaogopa kuliachia.

Mwaka wa saba nikaupima mkuku kwa patasi.
Patasi ikazama hadi mpini.

Nikafunga banda miezi kumi na minne.
Nikafuma soksi. Mvua ikanyesha, kama inavyonyesha Chiloé,
bila kuuliza mtu.
Hakuna aliyetaja mashua mbele yangu,
ndipo nikajua wote wamejua.
Nilirudi kuchukua ndoo.
Naapa, ndoo tu.
Nikatoka usiku, ndoo nimeisahau.

Gogo la mkuku mpya lilikuja kwa kivuko.
Yasna, binti wa fundi pikipiki,
alitoroka katekesimu akashika upande wa pili wa msumeno,
akinisimulia wavulana, mmoja kwa kila pingili.
Siku hizi ni muuguzi Castro.
Jina lake liko ndani ya mkuku, kwa penseli,
mahali ambapo hakuna atakayesoma
ila mwendawazimu mwingine, baada yangu.

Kisha kalafati: nyuzi za gome la mlerse
na nyundo, tako, tako, tako,
hadi jirani akaomba nipumzike Jumapili.

Mwaka wa kumi na mbili maji kupwa yalituacha kwenye matope,
maji kujaa yakaja taratibu, yakaiinua.
Ikaelea.
Ikaelea muda wa kunywa bilauri moja ya chicha,
kisha kila mshono ukafunguka.
Watu wakacheka, si kwa ubaya.
Cárcamo akavua kofia:
"Sasa umepata kuni mbichi."

Mti uliokauka miaka ishirini lazima unywe.
Hilo nililijua. Kulijua hakupunguzi maji.
Nikashuka ngamani na pampu na taa,
nikakaa magotini mwa kazi yangu yote, nikihesabu.
Saa ya kwanza, mipigo mia nne.
Saa ya tatu, mia tatu na kumi.
Mkono ukafa ganzi, nikabadili mkono.
Mbao zikaanza kuguna, zikisogeleana
kama watu wa benchi moja kanisani
wanaompisha aliyechelewa.

Alfajiri mwanangu Anselmo akapiga simu kutoka Punta Arenas.
"Mama, umefika wapi?"
Tanga bado kitambaa, limekunjwa chini ya kitanda.
Mlingoti una kasoro ninayoijua mimi peke yangu.
"Subiri," nikamwambia, "usinipoteze hesabu."

Kumi na nne. Kumi na tano.
Nikanyamaza kusikiliza.
Kumi na sita.