Hapa Ni Wapi

Kazi yangu ndogo: naandika maneno
yanayopigwa mstari wa buluu chini yake.
Ghorofa ya nne, Barabara ya Kirinyaga,
ofisi ya bili za maji;
chini yetu fundi ananyoosha bampa tangu asubuhi.

Jumanne akaja Bi Syombua wa Umoja,
fimbo nyeupe imekunjwa mara nne kwapani.
Kiti alikikataa. Akaweka simu mezani.
"Sikiliza ninavyousoma ukurasa wako."

Sauti ikatoka, kavu, ya mbio,
kama karani anayeita majina ya watahiniwa:

*Kiungo, hapa.*
*Kiungo, hapa.*
*Kiungo, soma zaidi.*
*Kiungo, hapa.*

Nilihesabu kumi na moja, nikaacha.
"Haya, kijana. Bili yangu ni hapa ya ngapi?"

Nikajikuta nimechongoa midomo kuelekea skrini,
tulivyozoea mjini humu
mtu akiulizia njia ya Ngara:
kidevu juu, midomo mbele, hapo tu.

Alisubiri.
"Umenionyesha kwa mdomo, siyo?
Mdomo nao una kazi nyingine."

Madam Nyakerario, darasa la sita,
alitukaririsha mpaka tukakauka koo:
hapa, palipo dhahiri;
huku, kusiko na mpaka;
humu, ndani.
Mahali tatu kwa pumzi moja, utajiri ulioje,
na zote tatu zinangoja kidole.

"Mimi sianzi juu nikashuka," akasema.
"Navuta viungo peke yake,
kama mtu anayetafuta iliki kabatini stima imepotea.
Nafungua kopo, nanusa, nafunga.
Makopo yako yote yananukia kopo."

Jioni nilibaki. Fundi wa bampa alikwisha kwenda.
Hapa ya kwanza nikaifuta, nikaandika
*Lipa bili ya maji ya mwezi huu.*
Ya pili: *Ripoti bomba lililopasuka mtaani kwako.*
Ya nne, iliyonitoa jasho,
*Fomu ya kuhamisha mita, kurasa mbili.*
Niliyasoma kwa sauti, macho nimefumba,
mlinzi akachungulia mlangoni, akaondoka polepole.

Na *soma zaidi*? Zaidi ya nini?
Niliifungua niione.
Ukurasa mtupu. Tarehe ya miaka miwili iliyopita.
Watu wangapi wamebisha mlango huo
nami nyuma yake sikujenga hata chumba.

Asubuhi Bwana Muthengi akakunja uso:
maneno marefu, yanaharibu sura.
Sura ya nani, sikumuuliza; kodi yangu ni tarehe tano.
Nilipunguza neno moja, moja tu, akaridhika.

Ijumaa simu ikalia. Hakuna salamu.
"Nimeipata *Ratiba ya mgao wa maji, Umoja na Kayole*.
Mara moja tu, sikupapasa.
Imeandikwa Alhamisi, saa nne usiku.
Nilikesha na ndoo tatu. Mfereji umekohoa hewa."

Nikamwambia mabomba si idara yangu,
mimi ni wa maneno.

"Najua," akasema, na nyuma yake
nikasikia ndoo ikiburutwa sakafuni.
"Lakini angalau leo
nimejua pa kulalamikia."