Chenga

Saa mbili kasoro. Habari zinakaribia,
na ng'ambo ya barabara Mchiwa anawasha mashine.
Mkanda unalia, mahindi yanashuka,
na kwenye kioo chetu zinamwagika chenga.
Si za mchele, ingawa mama huuliza kila jioni
nani anapepeta humo ndani.

Mimi niko juu ya bati. Kazi yangu ni bomba la antena:
kulia kidogo. Kushoto. Rudi.
Dirishani yuko Damari, dada yangu, macho yangu:
"Bado! Bado! Umeipita! Hapo hapo, usipumue!"
Nikabana pumzi, upepo wa Kongwa ukinijaza vumbi masikioni,
nikasikia habari za dunia nzima
bila kumwona mtu hata mmoja.

Fundi Hezroni Ndahani alipokuja hakugusa kitufe.
Aliegemea mlango, kofia mkononi.
"Antena haina kosa. Hiyo mistari inayopanda
ni mota ya jirani: brashi zimelika, zinatema cheche.
Na huyo mtangazaji mwenye pacha nyuma ya sikio
ni mlima. Wimbi limegonga jiwe, limerudi limechelewa.
Lakini sikilizeni. Sauti haina mkwaruzo.
Picha wameipakia kwenye kimo cha wimbi,
na cheche chakula chake ni kimo.
Sauti wameificha kwenye mwendo, kwenye haraka na taratibu.
Huko cheche ni upepo
kwenye shamba la mtama uliokwisha vunwa:
zinapita, hazipati cha kuangusha."

"Basi Mchiwa anunue brashi," mama akasema.
"Nilimuuzia mwezi jana. Kaziweka kabatini,
anangoja hizi zife kabisa."

Siku hizi Kibaigwa tuna visimbuzi.
Picha ipo, au haipo. Hakuna wa kupanda bati.
Mota ya Mchiwa ni mpya, inaguna kistaarabu.

Damari hayupo, mwaka wa tisa huu.
Nikiutafuta uso wake unakuja na mistari,
na ubavuni pacha aliyechelewa;
sijui kama ni yeye
au ni ile picha ya kipaimara iliyoko ukutani.
Nageuza kidogo. Kushoto.
Sauti ndiyo haina mkwaruzo:

"Umeipita. Rudi."