Kilo Kumi na Moja

Zimebaki mbili. Ya kwanza ndogo, nyeusi,
spika ya inchi kumi, kilo kumi na moja,
kishikio juu kama cha birika.
Ya pili ni mtumba, inchi kumi na tano,
kilo ishirini na sita, wavu wake umebonyea
pale ambapo mtu fulani, kwenye harusi fulani,
aliegemeza kiti.

Shabbir wa Luthuli ananitazama
kama mteja aliyekuja mara ya nne:
hakuna chai tena.
"Usidharau wembamba wa reli," anasema,
akiipapasa ndogo kama kichwa cha mpwa wake.
Wembamba wa reli naujua, Shabbir.
Mimi naulizia gari moshi.

Nikachomeka besi. Waya wangu una ugonjwa,
sharti uushike shingoni ndipo useme kweli.
Nikapiga uzi wa nne, mtupu, taratibu.

Ndogo ikajibu kwa adabu,
kila noti imevaa sare, imechana nywele.
Lakini niliposhuka chini kabisa,
kule sauti inakoacha kuwa sauti
ikawa jambo la nyayo,
haikushuka nami. Ilisimama ngazini, ikaniita kutoka juu.

Kubwa ilikohoa kwanza.
Halafu kioo cha kabati la simu kikatetemeka,
chaja zikacheza kwenye misumari yake,
na kijana wa duka la pili akachomoza kichwa.
Hakuja kugomba. Bega lake moja lilikuwa linaitikia.

Basi, ungesema, imekwisha. Lipa, nenda.

Ila mimi nakaa Umoja, orofa ya tano,
na lifti imo kwenye ramani ya jengo tu.
Vidato themanini na vinne.
Nimevihesabu na mtungi wa gesi,
nimevihesabu na madumu siku za mgao,
nimevihesabu na mama, akipumzika kila orofa
akijifanya anasoma namba za milango.
Mgongo wangu una miaka hamsini na miwili.
Daktari aliandika neno moja refu,
kisha akalifasiri: usibebe.

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, tunasema.
Nani kati yetu?
Mukhwana ana ngoma zake.
Awino mzigo wake uko kooni,
na hakuna amsaidiaye kuupandisha.
Kiprono wa solo ana kikasha cha kutia kwapani
na maneno mengi.

Ijumaa tunapiga Ngara. Jumapili, kanisani Kaloleni,
kwa mchungaji asiyeijua besi
ila siku isipokuwepo.
Na hiyo ndiyo kazi yenyewe.
Miaka thelathini, watu huja jasho likiwatoka
wakampa mkono Kiprono.
Lakini Aprili, waya ulipokata katikati ya wimbo,
niliona miguu ikisimama, mmoja mmoja,
watu wakitazamana kama walioamshwa,
wasijue ni nini kilichoondoka.

Shabbir anabonyeza kikokotoo chake kikubwa.
Anashusha elfu. Anashusha mia tano. Ananyamaza.

Nikaiinua tena ile ndogo, nikaipeleka kwenye kona,
nikaiteremsha sakafuni, bila stuli,
nikaisukuma mpaka kuta mbili zikaishika.
Uzi wa nne.

Ahaa. Ukuta umeingia kazini.
Si yote; labda nusu ya ile kubwa, labda haifiki nusu.
Lakini nyayo zilipata habari, kwa kuchelewa kidogo,
kama mgeni aliyepanda vidato vyote vile
na bado hana pumzi ya kupiga hodi.

Ngara kuna kona? Ipo, upande wa choo.
Kaloleni, nyuma ya kinanda.

Nimelipa. Naibeba kwa mkono mmoja,
mkono wa pili hauna kazi, unaning'inia tu.
Nyuma yangu mtu ameiwasha ile kubwa.
Sikugeuka.
Niliisikia hadi ng'ambo ya barabara, kwa magoti.