Tiketi ya Ziwa

Mimi ndiye niliyekata tiketi kwa Nkwimba
miaka tisa, kwenye meza ya miguu mitatu na tofali.
Mwanamume elfu mbili, mwanamke buku,
mpiga bendi bure,
na yule mlevi wa Kirumba aliyedai ni mpiga bendi
nusu, maana alijua kubembeleza.

Machi ile redio ikasema: hakuna mikusanyiko.
Nkwimba akazima jokofu, akagawa barafu kwa majirani,
akaandika mlangoni TUMEPUMZIKA KIDOGO.
Hiyo KIDOGO aliibana pembeni kwa chaki,
kama mtu anayepita mbele ya duka anakodaiwa.

Ndoo ya koki tuliinunua siku mbili kabla.
Ikabaki pale na sabuni yake, ikidondosha.
Lufungulo wa tumba akaisikiliza, akatikisa kichwa:
"Inakimbia hiyo. Iambieni ipunguze mwendo."

Kiwanda cha minofu kikasimama. Ndege haziruki,
sangara haendi Ulaya,
na wasichana waliokuja Jumamosi na buti nyeupe mkobani,
mikono wameisugua limau kuua shombo,
wakarudi Magu, Sengerema, Ukara.
Sangara akashuka bei, tukamla hadi akatukinai.
Chumvi tulikopa.

Wahenga walituonya: ngoma ikivuma sana hupasuka.
Hawakusema kwamba isiyovuma nayo hupasuka,
polepole, kwa ukavu,
usiku, mtu ukidhani ni panya.

Magesa akaweka gitaa rehani kwa muuza vocha,
akapanda bodaboda ya shemeji yake.
Alisema akisubiri abiria
vidole vinatafuta nyuzi kwenye breki.

Mwezi wa tano likaja ziwa.
Halikunawa. Halikuvaa barakoa. Halikukaa mita moja.
Lilipita chini ya meza yangu na magugu maji
na kandambili moja ya kushoto,
likaenda moja kwa moja hadi mbele ya jukwaa
kama mtu aliyeahidiwa wimbo.
Nkwimba alilifagia siku mbili.
Siku ya tatu akakaa juu ya kreti, miguu majini,
akaniambia, "Basi likatie tiketi."
Nikakata. Nikalitoza elfu mbili, sijui kwa nini.
Nikaandika: DENI.

Bwire pekee hakuacha.
Jioni alipanda jiwe la nyuma ya choo
akalipulizia ziwa tarumbeta,
na madirisha ya mlimani yakafunguka mojamoja.
Halafu wiki moja hayakufunguka.
Ndugu zake kutoka Musoma walisema: changamoto ya upumuaji.
Maneno safi, yamepigwa pasi.
Hatukuuliza.
Mtu aliyelipa kodi ya chumba kwa pumzi.
Kaburini tulikuwa kumi na mmoja;
wengine walisimama mbali, juu ya mawe, kama mnandi.

Juni redio ikasema: fungueni.
Ukutani maji yalikuwa yameacha mstari wa kijani,
usawa wa goti.
Walilipa watu thelathini na mmoja.
Magesa alilikomboa gitaa, nyuzi tano.
Wimbo wa kwanza ulipofika mahali pa Bwire
kumbe hatukuwa tumekubaliana tufanyeje.
Bendi ikazunguka, ikazunguka tena,
kama gari linalotafuta namba ya nyumba.
Na mlevi wa Kirumba, barakoa kidevuni,
akapaza sauti kwa mazoea tu: "Pulizaaa!"

Hakuna aliyemnyamazisha.
Lufungulo akapiga. Wanawake wawili wakaingia kati,
wakacheza kwa tahadhari, sakafu bado inateleza.

Usiku nikahesabu: elfu hamsini na sita, noti moja imelowa.
Ziwa lilikuwa limerudi ngazi ya nje.
Deni lake bado lipo, ukurasa wa mwisho,
chini ya jina la Bwire,
ambaye kila Jumamosi, miaka tisa,
nilimwandikia sifuri.