Mlango wa Mmoja Mmoja

Soroti, saa nane usiku. Jenereta imekohoa mara mbili,
ikakubali.
Mezani pangu kuna kisanduku chembamba kama kiberiti,
ndani yake utando, na katika utando tundu
ambalo hata siri ingelipita kwa ubavu.

Huo ni mzaha wangu. Sista Amoding hacheki.
Ana mtoto kitanda cha tano, Ekwaru, miaka tisa,
mguu umevimba hadi ngozi inang'aa kama bilauri,
na nyoka hakuna aliyemwona.
Palikuwa na giza, palikuwa na majani.
Friji ina chupa mbili: hii ya moma, ile ya swila.
Mwili wake mdogo hauna nafasi ya kubahatisha.

Nadondosha tone la maji ya kidonda.
Chumvi inabeba umeme, umeme unapenya tunduni,
na kwenye kioo unajichora mstari,
mstari tu, kama uzi uliovutwa na fundi mwenye subira.
Kisha protini moja inaingia mlangoni,
inaziba njia kitambo kisichofika kufumba jicho,
na uzi unazama.
Siioni protini. Naona mahali ilipoukatiza umeme.

Baba alikuwa na josho upande wa Amuria.
Ng'ombe walipita katika ujia wa magogo, mmoja mmoja,
naye alikaa nyuma ya ukuta, macho kafumba,
akisikiliza magogo yanavyolia, kwa kina gani, kwa muda gani.
"Huyu Madoa. Huyu ana mimba. Huyu mvivu."
Na siku moja, kwa sauti ileile:
"Huyu si wetu."
Alikuwa ndama wa jirani, kajichanganya.

Mwaka waliposwagwa wote usiku mmoja,
ujia ulibaki. Baba hakuuvunja.
Mvua ndiyo iliyouvunja, taratibu, miaka sita.

Uzi unazama, unainuka. Albumini: huyu wetu.
Himoglobini, mnene, anasukumana: wetu.
Wetu. Wetu. Kipande cha kitu kisicho na jina, na chenyewe wetu.
Damu ya mtoto inapita ikirudi zizini
na mimi nimeshika kikombe cha chai iliyopoa tangu jioni.

Halafu mzamo mfupi, wima, kama shoka.
Tena. Tena.
Huyu si wetu.

Kompyuta inasema moma, asilimia themanini na moja.
Daktari Kabasomi anainama begani pangu:
"Na hizo kumi na tisa?"
Nasema, "Hizo ni giza na majani."
Ananitazama. Anachukua chupa. Anakwenda
na ndala zake zinapiga sakafu hadi mwisho wa ukumbi.

Mimi nimebaki na kisanduku.
Tundu limeziba, uzi umelala chini, hauinuki;
nageuza mkondo wa umeme kulizibua, nageuza tena,
mikono ikitaka kazi.

Saa kumi na moja kasoro, Amoding anasimama mlangoni.
Mwanga wa ukumbini unakatika.
Kwa kina gani, kwa muda gani:
nakisoma kivuli chake
kabla hajafungua kinywa.