Fukuto

"Leo joto," akasema Kurosaki
akinifunga shuka shingoni.
"Joto kweli," nikajibu.
Miaka sita hatujasemezana,
na hayo ndiyo maneno yaliyopatikana.

Sikuja kwa mapenzi. Kinyozi wa stesheni
amefunga duka, kabandika karatasi mlangoni:
tumeshindwa na hari. Nami nywele
zilikuwa zimenilalia kisogoni kama taulo lililolowa.

Kushiro si mji wa kulia joto.
Hapa Julai huvaliwa sweta;
ukungu hupanda kutoka gatini, hukaa wiki nzima
kama shemeji asiye na nauli ya kurudi.
Leo benki inaonyesha thelathini na tatu
kwa tarakimu nyekundu, na watu wazima
wanapanga foleni kuzipiga picha.

Feni zimekwisha dukani kwa Yamagiwa tangu Jumatatu.
Kurosaki hana; hajawahi kuihitaji.
Ananipepea kwa gazeti, mkono wa kushoto,
huku wa kulia ukikata.
Bibi Ikuyo wa samaki, anayengoja zamu ya mjukuu wake,
anasema nyavuni wanaingia samaki wa kusini
ambao marehemu mama yake hakuwajua hata kwa jina.
"Mwaka wa harusi yangu ilikuwa hivi hivi."
"Ule ulikuwa mwaka wa mvua ya mawe," anasema Kurosaki.
"Mawe yalikuja jioni. Asubuhi lilikuwa joto."
Wanabishana. Mjukuu analamba barafu,
inamchuruzika mpaka kiwikoni.

Halafu wembe ukafika nyuma ya sikio langu.
"Kwako," akauliza polepole, "jua linaingia vizuri?"

Nikatazama kioo. Bibi Ikuyo akatazama viatu vyake.

Mwaloni ule ulikuwa wake, pale mpakani.
Ulininyima jua, na jua hapa lilikuwa haba,
la kupimwa kwa kijiko.
Niliandika barua tatu. Nikaleta mtu wa manispaa
na futi kamba.
Akaukata mwenyewe, siku yake ya mapumziko,
bila neno, akazipanga kuni upande wangu.
Nikaota moto wake majira mawili ya baridi.

"Linaingia," nikasema. "Linaingia mpaka kabatini.
Mishumaa ya marehemu mke wangu
imepinda yote, inasujudu."

Wembe ukasimama. Ukaendelea.
"Kisiki kimechipua," akasema.
"Tangu lini?"
"Mwaka juzi. Kimefika hapa,"
akajigusa kiunoni kwa kitana.
"Na kivuli?"
"Cha kumtosha paka."
"Basi paka ana bahati," akadakia Bibi Ikuyo,
nasi tukamshukuru, kila mtu kimoyomoyo.

Akanikung'uta mabega, akaniwekea shingoni
kitambaa cha maji baridi,
akakiacha pale muda mrefu kuliko desturi.
"Kesho wanasema thelathini na nne."
"Wanasema."
"Wakati mwingine husema tu."
"Ndiyo, husema tu."

Nje lami ilikuwa laini chini ya soli.
Kituoni alisimama kijana nisiyemjua,
shati limemganda mgongoni.
Nikashangaa kuusikia mdomo wangu:
"Leo joto, eh?"