Kisanduku cha Mteja

Vilnis alinipa chaki, si kompyuta.
"Chora kiwanda hiki," akasema.
Nikachora bomba la moshi, ng'ombe,
theluji ya Valmiera.
Akafuta vyote kwa kiganja.
"Chora kinachokumbukwa."

Haya: kisanduku, Mteja. Kisanduku, Oda. Kisanduku, Jibini.
Kati yao mstari, na mwishoni vidole vitatu
kama unyayo wa kunguru:
mteja mmoja, oda nyingi;
oda moja haina wateja wawili.

Jina nikalifanya ufunguo. Akacheka.
"Tuna akina Ozoliņš kumi na wanne.
Wawili hukaa jengo moja,
na mmoja anakula jibini la mwenzake tangu Pasaka."
Nikampa kila mtu namba.
Jina likabaki sifa tu, kama rangi ya macho.

Jioni nikamfikia Bi Dzidra,
kajiandikisha mwaka juzi, hajaagiza hata kipande.
Asiye na oda, ni mteja?
Vilnis ameshavaa koti.
"Muulize mwenyewe. Mchoro haujui."

Simu iliita muda mrefu.
"Mteja? Ndiyo, ni mimi," akasema.
"Sijapata tu mgeni wa kula naye."

Upande wa oda nikachora duara dogo:
sifuri, inaruhusiwa.